Simu Kifuani, Laptopu Msumarini

Maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia Kihoto mwishoni mwa 2025, watu walitoka kwa mashua katika vichochoro walivyozoea kupita kwa miguu wakienda dukani. Nilisimama upande wa juu, ambako ardhi ilikuwa bado kavu, nikisaidia kupokea mizigo. Yalipita magodoro, mitungi ya gesi, sare za shule zinazochuruzika maji, televisheni zilizofungwa kwa mashuka. Simu hazikuonekana, maana kila mtu alikuwa nayo mwilini: mfukoni, kifuani, nyingine imeviringishwa ndani ya pakiti tupu ya maziwa. Laptopu nilihesabu mbili. Moja ilikuwa mgongoni mwa mwanafunzi, na nyingine mama mmoja alikuwa ameipakata ndani ya sufuria kubwa yenye kifuniko. Kompyuta ya mezani ilikuwa moja tu. Kijana mwenye nayo alibeba kasha lake kichwani akaiacha skrini ndani, na aliporudi kuifuata maji yalikuwa yameshaifunika.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa kama simu zitaziondoa laptopu na kompyuta za mezani, nawaza kwanza kilichopanda mashua na kilichobaki.

Kihoto ni mtaa wa Naivasha ulio jirani kabisa na ziwa, na wengi wetu hapa tunaishi kwa maua. Kuna wanaokata waridi kwenye grinihausi, kuna wanaoyapanga kwa urefu wa shina, kuna madereva, na kuna sisi tunaowauzia hao wote huduma. Jina lenyewe ni la Kikuyu, na maana yake ni hoja ya haki, ile ambayo mtu mwenye akili akiisikia anaikubali. Mimi nina saiba ndogo yenye kompyuta nne na printa moja, kwa hiyo msomaji aujue mapema upande nilioketi: watu wakikosa kompyuta nyumbani, mimi napata shilingi kumi kwa kila karatasi. Hata hivyo nitakuambia ununue, na nitakuambia ni lini usinunue.

Aliyenifanya niandike haya ni jirani yangu, greda (mpangaji) wa waridi kwa zaidi ya miaka kumi. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, akapokea shilingi 46,000, na binti yake alikuwa ameitwa chuoni kusomea diploma ya uhasibu. Alishapita mjini kwenye duka moja, muuzaji akamwonyesha simu ya 44,000 na kumwambia kwamba laptopu zimepitwa na wakati, hii ndiyo kompyuta ya siku hizi. Akaja kwangu jioni pesa zikiwa bado kwenye M-Pesa.

"Mwalimu," akaniambia (huniita hivyo kwa kuwa nimewafundisha vijana wa mtaa kupiga chapa), "usinifiche. Hii simu itafanya kazi ya kompyuta ama ninadanganywa?"

"Mama," nikamjibu, "kaa chini tupige hesabu."

Kabla ya hesabu, lazima niseme kwamba swali lenyewe limetufikia likiwa limepinda. Ulaya na Marekani kompyuta ilikaa mezani kwa watu miaka mingi, kisha simu ikaja, ndipo wakaanza kuulizana kama simu itaifukuza kompyuta. Sisi tulianzia upande wa pili. M-Pesa ilianza Machi 2007, miezi mitatu kabla iPhone ya kwanza haijauzwa Marekani, na ilianza kwenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Simu ikawa benki, ikawa barua, ikawa duka, wakati kompyuta ikiwa bado kitu cha ofisini. Sensa ya 2019 inaonyesha hivyo waziwazi: kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkono, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4 tu. Ukiangalia nyumba, zenye kompyuta, laptopu au tableti zilikuwa asilimia 8.8. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Kihoto simu haikuondoa kitu chochote, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuondolewa. Swali letu ni kama nyumba ambayo haijawahi kuwa na kompyuta inaweza kuendelea hivyo bila hasara.

Simu ipewe haki yake kwanza. Mama anayeuza nguo za mitumba akizipiga picha na kuziweka kwenye WhatsApp, akapokea malipo kwa Pochi la Biashara, hana shida ya laptopu hata kidogo. Mwendesha boda boda vilevile. eCitizen, iliyoanza 2014, inafunguka kwenye simu: kuomba pasipoti, cheti cha mwenendo mwema, leseni. Mwanafunzi anaomba nafasi ya chuo KUCCPS kwa simu na mkopo wa HELB kwa simu. Ukitaka kupiga picha ya risiti, kurekodi somo, kutafsiri neno, kukata video, kutuma pesa ukiwa ndani ya matatu, laptopu haiifikii simu. Na yule anayefikiri kwamba vijana wanaandika polepole kwenye simu apime tena. Utafiti uliotolewa 2019 na vyuo vikuu vya Aalto, Cambridge na ETH Zürich, uliohusisha watu zaidi ya 37,000, ulikuta kwamba mtu wa kawaida anaandika maneno kama 36 kwa dakika kwenye simu, huku kwenye kibodi ya kompyuta wastani ukiwa kama maneno 52. Tofauti ipo lakini si ya mbingu na ardhi, na vijana wanazidi kuiziba.

Kwa hiyo shida ya simu haiko kwenye vidole. Iko kwenye macho.

Binti wa jirani yangu alikuja saiba wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, akitaka kujaribu daftari la fedha ambalo mwalimu mmoja wa shule ya upili alimtumia. Faili lilikuwa la Excel, lenye safu tisa: tarehe, maelezo, namba ya risiti, fedha taslimu, benki, na kadhalika. Alilifungua kwenye simu ya mama yake. Skrini ilionyesha safu tatu. Akitaka kuona kiasi cha benki, anasukuma kulia, na maelezo yanapotea kushoto. Akirudi kushoto, amesahau kiasi. Baada ya dakika chache nikamwona amechukua kalamu ya wino anaandika namba kwenye kiganja cha mkono: 3,450, chini yake 1,200, chini yake tena 780. Sikusema neno. Nilimwashia kompyuta moja, nikamfungulia faili lilelile, safu zote tisa zikasimama mbele yake mara moja, akaangalia kiganja chake akacheka, kisha akaenda kunawa.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kila siku dukani. Kazi ambayo jicho linaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja, simu inaiweza. Kazi ambayo lazima uone vitu viwili au vitatu pamoja (maagizo huku na majibu kule, hesabu za mwezi huu pembeni ya za mwezi uliopita, barua unayoandika na tangazo la kazi unalolijibu) inakuchosha kwenye simu mpaka unaanza kukosea. Kijana mmoja aliniletea wasifu wake wa kuombea kazi ya karani kwenye shamba la maua. Alikuwa ameuandika wote kama ujumbe wa WhatsApp na kujitumia mwenyewe. Ulikuwa umeandikwa vizuri, kwa Kiingereza safi. Lakini tarehe zilikaa kwenye mistari yake peke yake, majina ya shule yakakatika katikati, na namba ya simu ya mdhamini wake ilikuwa imekosa tarakimu moja ambayo angeiona mara moja kama ukurasa mzima ungekuwa mbele yake. Tulitumia dakika arobaini kuupanga upya. Nilimtoza shilingi 50 za kupiga chapa na 20 za karatasi mbili. Miezi mitatu iliyofuata alirudi mara saba, kila tangazo la kazi likitaka kitu kibadilishwe.

Na kazi yenyewe aliyokuwa akiiomba? Maua yanayotoka hapa kwenda Uholanzi, mengine mpaka kwenye mnada wa Aalsmeer, husafiri na karatasi nyingi: hesabu za mashina, vyeti vya afya ya mimea, hati za forodha. Anayezitayarisha ameketi mbele ya kompyuta. Wanaokata na kupanga maua wana simu tu. Simu za wote wawili huenda zinafanana, hata bei. Kinachotenganisha mishahara yao kwa sehemu kubwa ni kile kingine ambacho mmoja alijifunza kukitumia na mwingine hakupata nafasi. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nilimkalisha jirani yangu saa nzima.

Sasa hesabu. Bei nitakazozitaja ni zile ninazokutana nazo madukani Naivasha na Nairobi, na zinapanda na kushuka, kwa hiyo zichukue kama mwongozo.

Simu janja za bei ya chini kabisa, nyingine zinaunganishwa hapahapa nchini. Kiwanda cha Athi River kilipofunguliwa Oktoba 2023, simu zake za Neon zilitoka kwa shilingi 7,499 na 8,999. Hizo zinatosha WhatsApp na M-Pesa, ila mwanafunzi atazichoka haraka. Simu ya mwanafunzi isiyomkera, yenye ramu ya GB 4 au 6 na nafasi ya GB 128, hupatikana kati ya 12,000 na 18,000. Kuanzia 40,000 kwenda juu unalipia kamera, kioo kizuri na jina.

Laptopu mpya ya dukani inayofaa kuitwa laptopu inaanzia kama 45,000 na kupanda. Ziko mpya za bei ya chini ya hapo, na ninakuomba uziache: nyingi zina ramu ya GB 4 iliyochomelewa isiyoweza kuongezwa, na baada ya mwaka mmoja zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Tumaini letu watu wa kipato cha kawaida ni laptopu za mtumba zilizotumika maofisini ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude: mashine zilizoundwa kwa ajili ya ofisi, zinafunguka kwa bisibisi, vipuri vyake vimejaa Luthuli Avenue, Nairobi. Nzuri huenda kati ya 25,000 na 35,000. Kompyuta ya mezani ya mtumba, kasha dogo na skrini ya inchi 19 na kibodi, unaipata hata kwa 15,000, na kwa nguvu zilezile ni rahisi kuliko laptopu.

Lakini bei ya dukani ni mwanzo tu. Igawanye kwa miezi utakayokitumia kitu. Simu ya 15,000 ikidumu miaka miwili na nusu inakugharimu 500 kwa mwezi. Laptopu ya 30,000 ikidumu miaka minne, na nimeziona zikidumu zaidi, ni 625 kwa mwezi. Simu ya 44,000 ukiipa miaka mitatu ni zaidi ya 1,200 kwa mwezi, na katika miaka hiyo mitatu ikianguka mara moja kioo chake kitataka pesa ambazo zingenunua simu nyingine ndogo. Jirani yangu aliposikia hesabu hii ya tatu alinyamaza.

Stima nayo tuipime, kwa kuwa tokeni ndiyo inayotufanya tuzime taa mapema. Betri ya simu ya mAh 5,000 ina nishati ya wati-saa 19 hivi. Ukihesabu na inayopotea kwenye chaja, yuniti moja inaijaza kama mara 40. Laptopu inayofanya kazi ya kawaida hula wati 30 hivi, yaani yuniti moja inakupa saa 33. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 120, na yuniti hiyohiyo ikaisha kwa saa nane. Kwa yuniti ya kama shilingi 30, kuichaji simu hakufiki shilingi moja, laptopu ni kama shilingi moja kwa saa, na ya mezani ni karibu nne. Halafu stima ikipotea, na Naivasha hupotea, laptopu inaendelea na kazi huku ya mezani ikizima na kila ulichokuwa hujahifadhi. Utahitaji UPS, na UPS ni maelfu mengine.

Bando ndiyo sehemu ambayo laptopu humla mtu bila yeye kujua. Simu imezaliwa katika dunia ya bando, inajua kubania. Windows inafikiri iko kwenye nyumba yenye faiba, inashusha masasisho ya gigabaiti kadhaa bila kuuliza. Nimemwona mwanafunzi akiwasha hotspoti ya simu ili atume kazi ya kurasa nne, na GB 2 alizonunua zikaisha kabla ya kutuma. Dawa yake ni ya bure. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ukigusa jina la hotspoti yako, kuna swichi iliyoandikwa "metered connection". Iwashe siku ya kwanza, kabla hujafanya lolote. Na kumbuka kwamba kuandika, kupiga hesabu na kusoma kitabu cha PDF havihitaji mtandao. Laptopu isiyo na bando bado ni laptopu.

Kuna njia ya kulipa kidogokidogo, na hii imewaokoa wengi na kuwaumiza wengi. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mtu aliweza kupata simu janja kwa shilingi 20 kwa siku, na sitasahau jinsi kabambe zilivyopungua mtaani. Siku hizi wakopeshaji ni wengi na masharti si mamoja. Ukiambiwa weka 3,000 kisha 75 kwa siku kwa mwaka mmoja, toa kikokotoo hapohapo mbele ya muuzaji: 75 mara 365 ni 27,375, ongeza 3,000, inakuwa 30,375. Kisha uliza simu hiyohiyo ni ngapi kwa pesa taslimu. Uliza pia itakuwaje ukikosa kulipa, kwa maana nyingi hujifunga zenyewe. Wakati wa mafuriko nilimwona mfanyakazi wa kibarua ambaye simu yake ilifungwa siku ya tatu bila malipo, katikati ya kutafuta chumba cha kuhamia. Laptopu ya mtumba hulipiwa mara moja na haimfungii mtu. Chama, kwa wanaoweza kungoja zamu, ndicho mkopo nafuu kuliko yote ninayoijua.

Hapa niseme kwa kirefu kuhusu mtumba, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi za ng'ambo zilitupa laptopu zao kwa sababu hiyo, na baadhi ya hizo zinakuja kwetu. Windows 11 inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Muuzaji atakuambia "Core i5" na kuishia hapo, lakini kuna i5 ya 2012 na i5 ya juzi. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa i5-6300U, hicho ni kizazi cha sita. I5-7300U ni cha saba. I5-8350U ni cha nane, na hiyo chukua. Usiliamini jina lililo kwenye kifuniko peke yake, kwa kuwa ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zilitoka nyingine zikiwa na kizazi cha saba na nyingine cha nane. Muuzaji anaweza kuwa ameilazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine ya zamani; itawaka vizuri dukani na kukusumbua masasisho yakija.

Kama umeshanunua ya zamani, usiitupe. Weka Linux Mint, haina malipo, na LibreOffice ndani yake itafungua faili za chuo. Mashine mbili kati ya nne za saiba yangu zinaendeshwa hivyo.

Ukiwa dukani, iwashe mwenyewe ikiwa haijachomekwa chaja. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Funga na ufungue kifuniko mara kumi ukisikiliza bawaba. Hakikisha ina SSD na ramu ya GB 8. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha jeusi la amri, ufungue ripoti, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ikiwa umebaki chini ya nusu, omba upunguziwe bei ya betri mpya au ondoka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Je, hakuna njia ya kuigeuza simu iwe kompyuta? Ipo, na wakubwa wa teknolojia wameijaribu kwa miaka. Motorola walitoa Atrix mwaka 2011, simu ya kuchomekwa kwenye kasha la laptopu. Microsoft wakaja na Continuum mwaka 2015. Samsung wakaleta DeX mwaka 2017 kwenye Galaxy S8, na hiyo ndiyo iliyodumu: unachomeka simu kwenye televisheni, inatokea skrini pana yenye madirisha. Niliazima Galaxy S10 ya rafiki, nikanunua adapta ya HDMI kwa 2,000 na kibodi na mausi kwa 1,500, nikaketi mbele ya televisheni yangu. Niliandika barua ya kurasa mbili bila shida yoyote, na nikafurahi kweli. Kwa mwenye televisheni ya kisasa na simu ya aina hiyo mkononi tayari, ni shilingi 3,500 tu na anapata meza ya kuandikia. Ninaipendekeza kwake bila kusita.

Lakini kuinunua simu ya namna hiyo makusudi ni jambo lingine. Mpya zina bei ya laptopu mbili. Za mtumba zilizo nafuu, kama hiyo S10 ya 2019, haziletewi tena masasisho ya usalama tangu 2023, na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa yako. Hiyo niliyoazima ilipata moto baada ya saa moja. Televisheni nayo ikawa yangu peke yangu wakati nyumba nzima inataka habari za saa moja. Kisha kulikuwa na faili moja lililonikatalia kabisa: fomu ya kodi ya mapato ya mfanyabiashara kutoka iTax ya KRA, ile ya Excel yenye programu ndogo ndani yake za kukagua hesabu. Excel ya simu haiziendeshi. Aliyeajiriwa na hana kipato kingine anaweza kujaza ritani yake mtandaoni moja kwa moja, lakini mwenye duka anayetumia fomu hiyo atahitaji kompyuta kamili kila mwaka kabla ya Juni 30, au alipe faini isiyopungua shilingi 2,000. Wiki ya mwisho ya Juni saiba yangu hujaa mpaka nje.

Kompyuta ya mezani, basi, mahali pake ni wapi? Shuleni, ofisini, saiba kama yangu, kwa fundi wa kuhariri video anayetaka nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Inatengenezeka kuliko zote, na haiibiwi kirahisi. Kwa nyumba ya kupanga Kihoto, chumba kimoja karibu na ziwa ambalo lilitutoa 2020 na likatutoa tena 2025, siwezi kumshauri mtu ainunue. Kama ningekuwa naandikia watu wa Nakuru mjini, ningesema tofauti.

Saa moja ilipokwisha, jirani yangu aliuliza swali ambalo lilinionyesha amenielewa kuliko nilivyojieleza: "Sasa mwalimu, hiyo moja wataitumia wote wawili?" Alikuwa akimfikiria mdogo wa yule binti, aliye sekondari. Nikamwambia hapo ndipo laptopu inapoishinda simu ya bei kubwa kwa mbali. Simu ni ya mtu mmoja. Ina siri zake, pesa zake, mazungumzo yake, na hakuna anayependa kuiazima. Laptopu moja inakaa katikati ya nyumba. Mmoja anapiga hesabu jioni, mwingine anajifunza kupiga chapa wikendi, mama mwenyewe anaandika kitabu cha chama badala ya kumlipa mtu.

Tulikwenda dukani Jumamosi. Alinunua EliteBook ya i5-8350U kwa 29,500 baada ya kubishania bei kwa nusu saa. Betri ilikuwa imebaki asilimia 71. Akanunua simu ya binti kwa 12,000 taslimu, bila mkopo. Flashi ya 600. Jumla 42,100, akabaki na 3,900 za bando na nauli ya chuo. Ile simu ya 44,000 tuliiacha kwenye kioo cha duka lile lingine.

Nyumba anayoishi sasa iko upande wa juu wa Kihoto, lakini hata huko maji yalifika hatimaye 2025, yakaacha mstari wa udongo ukutani, shubiri tatu kutoka sakafuni. Nilipomtembelea nilikuta amepigilia msumari wa inchi nne juu ya mstari huo, karibu na dirisha. Binti akija wikendi anaandika mpaka usiku, kisha anaifunga laptopu ndani ya mfuko mgumu uliowahi kuwa wa mbolea, uliooshwa ukakauka, anauning'iniza pale. Mdogo wake hafikii msumari bila kupanda stuli, na kila jioni ya Jumapili dada yake akishaondoka anaivuta stuli ukutani.